Ogwedhi Yatafuta Mtu Asiyependelea

Benchi ya Dorah wa kahawa iko mahali soko la mifugo la Ogwedhi linapoishia, na leo mtamba wa Mellen, mama yangu, amefungwa mbele yake. Baba mdogo Gisiri anasema alimnunua. Mama anasema alitolewa zizini Sabato iliyopita, yeye akiwa kanisani. Naibu wa chifu ameagiza: benchi itoe mtu mmoja asiyependelea upande, aamue kabla soko halijafungwa. Mama ameketi kule kwa jiwe. Hakuna aliyemwita.

—Asiyependelea ni mimi, akasema Refa wa mechi za mtaa. Timu zote zilinipiga mawe sawasawa.

—Omera, ndugu yangu, wewe na Gisiri ni binamu, akamkata Hansard, karani mstaafu. Asiyependelea ni yule asiyejua lolote.

—Yaani mjinga? nikauliza.

—Caren, shika adabu! Namaanisha mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

—Na methali hiyo inamsaidia mama vipi?

—Tulete mvuvi wa kisiwa cha Takawiri, Refa akapaza sauti. Mtu anajua dagaa wake wa omena pekee.

—Si hata huyo hunywa maziwa? akasema Hansard. Asiyependelea kabisa ni ng'ombe mwenyewe! Tumfungue, tuone atafuata nani.

—Na wiki nzima Gisiri amemlisha majani ya nepia! nikafoka. Kutopendelea si kukosa macho. Ni kuwasikiza wote wawili. Mama yuko pale. Nani amemuuliza kitu?

—Wewe ni mtoto wake, akasema Refa. Ushapendelea.

Gisiri, aliyeketi mwisho wa benchi, akacheka, akanyoosha kikombe aongezwe.

Hapo akafika mwanamke aliyevaa viatu vya gambuti, fimbo kwapani.

—Naitwa Filister, nanunua ng'ombe. Huyu ni wa nani?

—Wangu. Nilinunua kwa yule mama, akasema Gisiri.

Filister akainama, akashika kamba: katani iliyosukwa pamoja na ukanda wa leso ya kijani.

—Hapa kwenu muuzaji bado hurudi nyumbani na kamba yake?

—Tangu enzi za babu! Hansard akajibu kwa fahari.

Filister akamtazama mama pale kwa jiwe, na leso yake ya kijani iliyochanwa ukingo.

—Sasa kama aliuza, mbona kamba yake iko hapa?

Dorah akainamisha birika juu ya kikombe cha Gisiri. Halikutoa hata tone.

Gisiri akanyoosha mkono kufungua kamba. Mama alikuwa ameshafika, na fundo lile vidole vyake vililijua, vikalifungua.