Ukuta wa Kuotea Jua

Habari ya kifo cha Bi Eufelia aliileta Domitila, mpeleka barua. Alifika mlangoni kwa Orlinda Jumanne mchana, barua za watu bado mkononi, akasema, "Nimekuta sanduku lake la barua limesimama, ukuta haupo." Orlinda alidhani hajasikia vizuri. Domitila akarudia. Ukuta wa jikoni ulikuwa umeketi chini wote kwa pamoja, kama mtu aliyechoka, ukamfunika mama wa watu akiwa mezani anachagua maharage. Zimamoto walimfukua kwa sepetu. Bakuli la maharage, alisema Domitila, lilikuwa zima.

Walimzika Ijumaa. Jumamosi asubuhi wazee walirudi kwenye benchi lao. Mtaa wa Mfereji, mjini Santa Fe, una mahali pamoja pa kuotea jua, na mahali penyewe ni ukuta wa kusini wa nyumba ya Orlinda. Jua la Novemba huupiga tangu saa tatu asubuhi, nao hupata joto kama ubavu wa ng'ombe, na wazee huegemeza migongo yao hapo hadi alasiri. Nyumba Orlinda aliirithi kwa babu yake Celedonio, na pamoja na nyumba alirithi birika: babu ndiye aliyekuwa akiwatolea kahawa, na alipokufa hakuna aliyeuliza nani ataendelea. Walimwangalia tu. Siku hiyo wazee walikuwa watatu. Facundo waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzima. Eliseo waliyemwita Daktari, kwa kuwa alipiga deki hospitalini miaka thelathini na moja. Na Onofre waliyemwita Saruji, fundi mstaafu, mwenye vidole vinene visivyokunjika vizuri.

Orlinda alitoka na birika na vikombe. Benita, mwanawe wa miaka mitatu, alimfuata ameshika sketi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mtoto alikuwa ameamka mara mbili akisema kitanda kina maji. Orlinda alidhani ni mambo ya watoto. Asubuhi alipokivuta kitanda alikuta mtoto mkavu, ila shuka limelowa upande mmoja, upande uliogusa ukuta. Chokaa ya ndani ikamdondokea mkononi kama unga. Na upande wa pili wa ukuta ule ndipo benchi lilipo.

Alikuwa amekuja na swali. Alikuwa amelipanga tangu jikoni: Babu Onofre, ukuta wangu ni kama ule wa Bi Eufelia?

– Ni mabasi, alikuwa anasema Redio. Mabasi ya wageni. Nimehesabu, kumi na manne kwa siku. Likipita moja, meno yangu ya bandia yanacheza ndani ya glasi. Sasa kama meno yanacheza, ukuta utafanya nini?

– Meno yako yanacheza hata likipita paka, alisema Daktari.

– Cheka. Wanakuja kutazama nyumba za udongo, wanaziua kwa kuzitazama.

– Si mabasi. Ni maji. Mimi nimekaa na magonjwa, najua. Matajiri kule mlimani kila mmoja ana bwawa la kuogelea. Maji yanatoka wapi? Chini yetu. Ardhi imekauka ndani, imekuwa kama mapafu ya mvutaji. Unakohoa mara moja, imekwisha.

– Nani alikohoa? aliuliza Redio.

– Ardhi, bwana. Unasikiliza au unasubiri zamu yako?

Orlinda alimimina kahawa. Alipomfikia Saruji alifungua mdomo, Saruji akanyoosha kikombe, naye akamimina. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni.

– Babu Onofre, alisema kwa sauti ya chini.

– Sukari mbili, mjukuu wangu.

Akatia sukari mbili.

– Wewe fundi husemi kitu, Daktari alimwambia Saruji. Ukuta ni kazi yako.

Saruji alikunywa kwanza.

– Eufelia alikuwa na ile picha ya Mama Bikira, fremu ya chuma. Nilimwambia, mama, fremu hiyo ni nzito. Miaka yote inavuta ukuta upande mmoja.

– Picha imeangusha ukuta?

– Picha, na wale panya buku wake. Hakutaka watolewe. Wamechimba chini ya msingi hadi pamekuwa kama soko.

– Mimi nitawaambia nani anachimba, alisema Redio, akasogea mbele. Wale wa maabara ya mabomu. Walioko kule juu mlimani. Wana handaki. Limetoka mlimani, limepita chini ya mto, limefika hadi chini ya uwanja wa mjini. Binamu yangu alikuwa mlinzi huko, ameliona.

– Handaki la nini?

– La kupitisha vitu ambavyo mimi na wewe hatutakiwi kuviona. Mchana wanapitisha vitu hivyo. Jioni wanapita wenyewe, wanaibuka sokoni, wananunua pilipili mbichi, wanarudi. Ndiyo maana huwaoni wakihangaika kutafuta pa kuegesha magari.

Daktari alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Redio naye akacheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu kutoka pale benchini, nyumba mbili mbele, ilionekana nyumba ya Eufelia wazi upande mmoja kama kabati lisilo na mlango. Jiko lake, kalenda yake, na ile picha ya Mama Bikira, ambayo haikuwa kwenye ukuta ulioanguka.

Redio aliiona. Daktari aliiona. Saruji alitazama kikombe chake.

Orlinda hakuondoka. Alisimama na birika, akiwaza habari aliyokuwa akisimuliwa na marehemu bibi yake, Sostena. Zamani, kila mwaka baada ya mavuno, wanawake wa mtaa huu walikanyaga udongo na mchanga na majani makavu ya ngano, wakazipaka nyumba kwa viganja, nyumba hadi nyumba, mikono ikichanika kwa baridi. Mvua ilikula udongo kidogo, wao wakaurudishia. Halafu Onofre, kijana mwenye gari jipya, akaja na mifuko ya saruji na nyavu za waya. Aliwaambia, mara moja tu, na hamtapaka tena maisha yenu. Wanawake walimpigia makofi. Bibi Sostena naye alipiga makofi. Alikuwa akisema hivyo bila aibu: "Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Ungekuwa wewe ungefanya nini?" Lakini alipozeeka alizoea kuupapasa ukuta anapopita, kama mtu anayempima mgonjwa homa, na hakusema alikuwa anatafuta nini.

Mgeni alitokea kwenye kona. Mwanamke mrefu, kofia pana, kamera shingoni, ramani imekunjwa vibaya mkononi. Aliwasalimu kwa Kiingereza, akauliza kama anaweza kupiga picha.

– Piga, mama, piga, alisema Redio, akijinyoosha kola. Ubavu huu wa kushoto ndio mzuri.

– Alikuwa na wa kulia pia, wakamnyang'anya, alisema Daktari.

Mgeni alicheka, akapiga. Alisema mji wao ni mzuri sana. Alisema hotelini alikofikia kuta zote ni rangi ya udongo, lakini amezigonga akasikia mbao. Alitaka kugusa nyumba moja ya kweli kabla hajaondoka. Je, hii ni ya kweli?

– Ya kweli kabisa, alisema Saruji. Miaka mia moja na arobaini.

Mwanamke aliweka kiganja ukutani, juu ya bega la Daktari, akafumba macho kama watu wanavyofanya mbele ya vitu vya zamani. Akateremsha mkono polepole. Ulipofika chini ya benchi, karibu na nyayo zao, alifumbua macho. Akachuchumaa.

– Juu pana joto, alisema. Huku chini ni baridi, na pamevimba. Kwa nini?

Hakuwa anamlaumu mtu. Aliuliza kama unavyouliza njia ya kwenda stesheni.

Redio alitazama barabara, lakini hakuna basi lililokuwa linapita. Daktari alivuta miguu yake, akaiweka mbele. Saruji alikigeuza kikombe, kikamwaga tone moja, kahawa ilikuwa imekwisha.

– Mvua imenyesha hapa karibuni? mgeni aliuliza.

Haikuwa imenyesha tangu mwezi wa tisa.

– Kuna mtu anaishi humu?

– Mimi, alisema Orlinda.

Wazee wote watatu waligeuka. Redio alisema baadaye kwamba hakuwa anajua sauti ya Orlinda ikoje.

– Mimi na mwanangu, Orlinda aliongeza.

Mgeni alimtazama Benita, akautazama ukuta, akasema samahani, bila kueleza ya nini. Akaaga. Walimsikiliza akienda hadi viatu vyake vikapotea kwenye kona.

– Nilipaka vizuri, Saruji alisema. Sikuiba hata mfuko mmoja. Waya niliupigilia kila shubiri.

– Hakuna aliyesema uliiba, Onofre, alisema Daktari. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi mzee mwenzake kumwita kwa jina lake pale benchini.

– Maji yakiingia juu kwenye paa, nyuma ya saruji hayana pa kutokea. Yanashuka, yanakaa. Sikulijua hilo. Nani alilijua? Nimelijua Jumanne, nilipoona udongo wa Eufelia kwenye sepetu za wale vijana. Ulikuwa unachuruzika maji.

– Na ukakaa nalo siku nne, leo unatuambia habari za picha, alisema Redio.

Saruji alikiweka kikombe chini.

– Ulipaka nyumba ngapi, babu? aliuliza Orlinda.

– Kumi na moja.

– Ya Bi Eufelia ilikuwa ya ngapi?

– Ya pili.

Birika lilikuwa tupu, lakini Orlinda alilishika kwa mikono miwili kama limejaa.

– Na ya kwetu?

Saruji alijaribu kukunja vidole vyake, vikakataa.

– Celedonio alikuwa rafiki yangu, alisema. Nilianza kwake.

Waliondoka saa nne na nusu asubuhi, mapema kuliko siku zote, jua bado likiwaka. Usiku ule Orlinda na Benita walilala jikoni, upande wa kaskazini, magodoro yamegusana.

Asubuhi ya pili yake, Jumapili, kengele za kanisa hazijaanza, alimpeleka mtoto kwa Domitila. Alirudi akasimamisha magogo mawili ya msonobari chini ya boriti za chumba cha mtoto, akayakaza kwa kabari kama alivyomwona babu akifanya. Akatoka nje, akaliburuta benchi hadi ng'ambo ya barabara. Kule ni kivuli siku nzima majira hayo, na barafu nyembamba ilikuwa bado imelala kando ya mfereji. Akaliweka pale, na juu yake birika la kahawa na vikombe vitatu.

Kisha akachukua kishoka cha kuni, akapiga magoti ukutani, akapiga kwenye uvimbe ili maji yapate pa kutokea. Saruji ilipasuka pigo la tatu, ikaachia kipande cha ukubwa wa sinia. Nyuma yake udongo ulitoka taratibu kama uji, ukamfunika magoti. Aliingiza mkono kutafuta mahali pakavu. Ulizama hadi kiwiko, kisha hadi bega.

Aliutoa, akaufuta kwenye sketi, akasogea hatua moja kulia, akaanza upya.