Bi Masouda binti Thabit, Aliyejifunza Kiarabu Ukubwani

Marehemu dada yetu, Bi Masouda binti Thabit, alizaliwa Malindi, Unguja, mwaka 1922. Alitiwa chuoni na miaka sita, akahitimu msahafu na miaka kumi na moja. Alisoma kwa sauti nzuri, lakini maana hakufundishwa. Nyumbani kwetu Kiarabu alikijua baba peke yake.

Mwaka 1940 aliolewa na Bwana Harub bin Yaarub, wakajaaliwa Aflah na Muhsina. Alikuwa fundi wa nguo za harusi, na mwepesi wa maneno. Maharusini wanawake walichagua pa kukaa kwa kuuliza kwanza Masouda yuko wapi, wasije wakatiwa katika mizaha yake.

Mwezi wa Juni 1964 walihamia hapa Matrah, Omani. Dada akanyamaza. Samaki alimnunua kwa kidole, na majirani wakadhani ana kiburi. Mumewe alimwambia, "Sema tu, hata ukikosea." Akajibu, "Nikisema nnakuwa mtoto wa miaka mitatu, na mimi nna mjukuu."

Jirani, Bi Nasriya, asiyejua neno la Kiswahili, alimletea kitambaa ashonewe, akawa ndiye mwalimu wake. Kila baada ya Alasiri walikaa na cherehani, Bi Nasriya akitaja na dada akifuatisha. Maneno ya msahafu aliyachanganya na ya mtaani. Bi Nasriya alikuwa akimwambia, "Unasema kama khutba, Masouda. Muuza samaki atadhani umekuja kumhukumu." Baada ya miaka miwili alikuwa akivutana na muuza samaki bei ya nguru.

Lakini si soko lililomkosesha raha. Aliogopa swali la kaburini. Alisema malaika wakimuuliza kwa Kiarabu atajibu kama kasuku, alivyokariri chuoni, na wakigeuza maneno hatawafahamu. Sheikh Marhoon alimwambia mara mbili kwamba Mwenyezi Mungu hashindwi na lugha. Dada alimshukuru, akarudi kujifunza.

Novemba mwaka jana alishikwa na moyo, miguu ikavimba. Alilazwa wiki mbili, akarudishwa nyumbani. Hapo alimtaka Bi Nasriya amuulize maswali yale kwa Kiarabu, kila siku kwa maneno mengine.

"Mimi si malaika," Bi Nasriya akasema.

"Niulize tu. Na ukaze uso, usicheke."

Alimuuliza, na dada akajibu vizuri, siku baada ya siku. Jumatano, tarehe 11 Machi 1970, asubuhi, alimuuliza tena. Dada alisema maneno machache, akafumba macho, akafariki. Bi Nasriya alitoka akilia, akatuuliza, "Kasema nini? Sikumfahamu." Tulikuwa mlangoni, tulisikia. Alijibu yote, Mola wake, dini yake, Mtume wake, wala hakukosea. Alijibu kwa Kiswahili.

Alizikwa siku ile ile baada ya Adhuhuri. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na ndugu zake, wengine wako Unguja na hawajapata khabari.

Tangu siku ile hofu aliyokuwa nayo dada tumebaki nayo sisi. Nyinyi mliohudhuria, mnaojua Kiarabu na msiojua, tunakuombeni dua. Mola amsamehe, amlaze pema, na ampe kauli thabiti kwa lugha yoyote atakayoulizwa.