Juu Kweupe: Maisha ya Mzee Waya, Fundi wa Simu

Ndugu, majirani na nyote mliofika, marehemu huyu alikuwa kaka yangu, nami ni mdogo wake wa mwisho. Nimeombwa nisome maisha yake kwa upole. Nitajaribu. Ila jana mchana nilimkuta binti yake wa pekee chumbani kwa baba yake, anakata waya mpya. Anasema Jumamosi anapanda kilima kilekile cha baba yake, akawaage kwa redio marafiki wa baba yake. Kwa hiyo nyote sikilizeni, na yeye asikilize zaidi.

Kaka yetu, aliyejulikana mtaani kama Mzee Waya, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1961, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mama aliyefua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Jina la Waya alilipata akiwa na miaka tisa. Alifungua ncha moja ya waya wa kuanikia nguo akaiunga kwenye redio ya baba. Redio ilisikika vizuri kweli, ila mashuka ya wenyewe, pamoja na sare yake ya shule, yakalala kwenye tope. Mama hakumchapa. Alimwambia kesho atavaa hiyo redio aende nayo shule.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na karakana, kisha sekondari, na mwaka 1982 akahitimu chuo cha ufundi katika fani ya simu. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Alikuwa yule anayebaki kuuliza maswali wakati mwalimu ameshika kitasa cha mlango. Huko ndiko alikojifunza kwamba waya una kipimo chake, ukizidi au ukipungua redio inapiga kelele bure na hakuna anayekusikia.

Kuanzia 1983 hadi alipostaafu mwaka 2016 alikuwa fundi wa laini za simu. Mwaka 1986 mwenzake wa kazini alirusha kamba iliyolowa juu ya tawi, ikaangukia waya wa umeme uliopita nyuma ya majani. Mwenzake alipona, vidole vyake havikupona. Tangu siku hiyo kaka alijiwekea sheria, na alituimbisha sote kama watoto wa chekechea. Anayetafuta tawi haoni nyaya. Kwa hiyo warushaji ni wawili, mmoja atafute tawi, mwingine asitazame kitu ila juu. Na kamba haitoki mkononi mpaka huyo wa pili aseme, "Juu kweupe."

Sheria hiyo aliihitaji hata nje ya kazi, maana mwaka 1987 alipata leseni ya redio ya ridhaa, ya wale wanaozungumza na watu wa mbali kwa kupenda tu. Antena alizitengeneza mwenyewe. Ni kitu rahisi: nyaya mbili za urefu sawa, zinazokutana katikati kwenye kipande cha plastiki, na hapo katikati unashuka waya mwingine mpaka kwenye redio yenye ukubwa wa mkate. Hicho kipande cha katikati alikikata kutoka kibao cha kukatia mboga cha mkewe, na alipoulizwa alisema panya. Ncha mbili za nje alizifunga kamba, akafungia kamba hizo kufuli bovu ili zipate uzito, akazirusha juu ya miti. Kisha anapima, anashusha, anapunguza waya kwa upana wa kidole, anapandisha tena. Mchana mzima mtu mzima anakata waya, na akisikilizwa na mtu wa nchi ya tatu anarudi nyumbani ameota mbawa.

Tarehe 3 Desemba 1988 alifunga ndoa na wifi yangu, mpishi wa shule. Walipokuwa wachumba alimpeleka kwenye kile kilima, naye akavaa gauni jipya. Kufika, akapewa kazi ya kutazama juu. Shingo ilipomchoka alimuuliza kama ameletwa huko kuchumbiwa au kuhesabu mawingu. Kaka akamjibu kwamba hajawahi kumwamini mtu mwingine na kazi hiyo. Wifi alikuwa macho yake kwa miaka zaidi ya thelathini.

Sasa nafika mahali ambapo upole unanishinda. Kuanzia mwaka 2021 kaka alianza kumimina chai pembeni ya kikombe. Akitaka kuona kitu aligeuza kichwa upande, kama kuku. Tulimcheka, naye akacheka nasi. Daktari wa macho alipokuja msibani ndipo tukajua: ilikuwa presha ya macho, na ilikuwa imeshakula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona. Chupa ya dawa aliificha kwenye kopo la risasi ya kulehemu. Na ndipo wifi akaelewa kwa nini kaka alikuwa ameacha kumwita kilimani. Angemwonyesha waya, kaka asingeuona, na siri ingetoka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Msimu wa mvua ulipita bila yeye kupanda kilima. Katika miezi hiyo waliweka nguzo mpya za umeme kwenda kwenye pampu ya maji, na waya ukapita karibu na mti wake wa siku zote. Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, wifi alimwomba angoje amalize kufua ili waende wote. Kaka akamjibu, "Kilima kile nakijua hata nikifumba macho." Akaenda. Mazoea yana taabu.

Mhudumu wa pampu alimwona kwa mbali, waya kaushika mkononi, na alimpigia kelele. Kaka aligeuka kuitafuta sauti, lakini kufuli lilikuwa limeshatoka mkononi, likauvuta waya wa antena mpaka kwenye ule wa umeme. Alifariki palepale, kabla mtu hajamfikia.

Mwanangu, umerithi mikono ya baba yako, na ubishi wake pia. Sikukatazi kupanda. Hao marafiki zake wanamwita kila Jumamosi na hawajui kwa nini hajibu, ni haki waambiwe. Lakini ule waya mpya wa umeme upo bado, na ule mti upo. Usiende pale unapopajua. Nenda upande wa pili, penye uwazi, na usiende peke yako. Nimeyasema mbele ya watu wote hawa ili usije ukasema shangazi hakukwambia. Mama yako amekubali kwenda nawe. Na kamba haitoki mkononi mwako mpaka yeye aseme.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, wadogo zake watatu, wajukuu wa ndugu wengi kuliko viti vyake, na marafiki ambao sura zao hakuwahi kuziona.

Mstari wa mwisho wifi ameuomba auseme mwenyewe, na ameniambia niuache hapa kama ulivyo:

"Juu kweupe, mume wangu. Pumzika kwa amani."