Mama Amisa Ramazani na Malori ya Mtaa wa Mikuyu

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Mama Amisa Ramazani anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya barabara, hapa Likasi, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia mwaka 1994 akiwa karani wa kupiga chapa. Anatoka akiwa mkuu wa kitengo cha kuhesabu magari.

Wengi huidharau kazi hii. Mtu anakaa kando ya barabara tangu alfajiri, anapiga mstari mmoja kwa kila chombo: pikipiki huku, basi huku, lori la madini kule. Lakini mistari hiyo ndiyo inayoamua barabara ipanuliwe wapi, watu wavukie wapi, na wapi malori yasipite kabisa. Mwanzoni madereva wa malori ya mgodi wa Kakanda walimdhania mtoza ushuru, wakawa wanamkwepa kwa kukatiza uwanja wa mpira. Alihamishia kiti chake nyuma ya goli, akaendelea kuandika.

Ameniomba nisiliruke jambo la mwaka 2009. Alasiri moja mvua kubwa ilimfukuza barabarani, na saa mbili zilizobaki akazijaza kwa kukisia. Kwa sababu ya makisio yale, njia panda moja ilionekana tulivu, na tuta la kupunguza mwendo likawekwa kwingine. Miezi mitano baadaye muuza maandazi wa njia panda hiyo, Stéphanie Mwewa, aligongwa na lori, akafariki. Hakuna aliyemlaumu Mama Amisa, maana hakuna aliyejua. Alikwenda msibani mwenyewe, akakaa mkekani pamoja na wanawake wa familia, na siku ya tatu akamweleza mama wa marehemu kila kitu.

 Yule mama akasema, “Mutoto wangu hatarudia tena kwa nyumba. Weye, rudia kule kwa barabara, uhesabu muzuri.”

Tangu siku hiyo hakukisia tena.

Mwaka 2021 ulikuja mpango wa kuujenga upya mtaa wa Mikuyu, pembezoni mwa mji, kwenye njia ya kwenda Kamatanda. Kungekuwa na soko, nyumba mpya na shule. Barabara ya katikati ingepanuliwa, na malori ya madini yapite humo. Wataalamu wa mpango huo walitangulia kuhesabu kwa siku tatu, wakapata malori mia moja arobaini kwa siku. Hawakujua kuwa siku hizo mizani ya kupimia malori ilikuwa imeharibika na malori mengi yalizuiliwa nje ya mji. Mama Amisa na wenzake wawili walihesabu kwa siku kumi na nne. Walipata mia nne na kumi na mawili, na theluthi yake ilipita asubuhi, saa ile ile watoto wanapokwenda shule.

Mkuu wetu wa wakati huo, Papa Hervé Kalonda, alikuwa ameshaahidi kuipeleka ripoti ya wataalamu wale. Alimwita mbele yetu.

“Mama Amisa, tia tu signature kwa rapport yabo. Banatungojea.”

“Chef, minye nilihesabu camions mia ine na kumi na mbili. Zile zingine nitazificha wapi?”

Hakupandisha sauti. Alilifunga daftari lake, akatoka bila kutia sahihi.

Kesho yake alihamishiwa chumba cha majalada, na huko alikaa miezi kumi na minne. Kila asubuhi kabla ya kazi alipitia Mikuyu, akahesabu kwa saa moja. Wazazi wa shule waliposikia, walimwomba aje kuwasomea hesabu hiyo kwenye mkutano wa mtaa. Aliisoma siku kwa siku. Alipomaliza, Papa Hervé, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, alisimama.

“Ile hesabu ni ya kweli,” alisema. “Minye niliijua tangu mwanzo.”

Lilikuwa jambo gumu kulisema mbele za watu, na Mama Amisa amekuwa akimheshimu kwa hilo hadi leo. Mpango ulibadilishwa, na Mama Amisa akarudishwa kwenye kitengo chake. Malori yalipewa njia ya nje, nyuma ya vilima vya makapi ya mgodi wa zamani. Tangu njia hiyo ifunguliwe Machi 2024, hakuna mwanafunzi aliyegongwa Mikuyu. Mvua zikizidi njia hiyo inakuwa tope, na malori kadhaa hurudi mtaani. Ripoti ya mwisho ya Mama Amisa, aliyoikabidhi Jumatatu, inasema hivyo bila kupunguza neno.

Mama Amisa, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha namna mtu anavyobeba kosa lake bila kulitupia wengine. Mungu akupe afya na mapumziko ya kweli nyumbani kwako pale Panda, pamoja na wajukuu wako. Leo asubuhi watoto wa Mikuyu wamevuka barabara yao wakicheka, bila kujua jina lako. Uishi salama, mama.

Rémy Kazadi, kwa niaba ya wafanyakazi wote