Mama Wasiwasi na Skrubu za Mguuni

Ndugu waombolezaji, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, akiwa mtoto wa tatu wa fundi bati na mshona nguo, na mama alikuwa akisema mtoto huyu alikuja duniani akitafuta kasoro. Alianza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari ya wasichana 1988, kisha akasomea metali chuo kikuu hadi shahada ya uzamivu.

Mwaka 1994 aliajiriwa maabara ya utafiti, kazi yake ikiwa kuchunguza jinsi aloi nyepesi za alumini na magnesiamu zinavyoliwa na chumvi na unyevu, na kuzipaka utando wa kuzikinga. Wanafunzi walimwita Mama Wasiwasi, kwa sababu ole wako ushike kipande kwa kidole kitupu kikaingia jasho, utaosha vyote upya huku amekusimamia mkono kiunoni.

Tarehe 14 Desemba 1996 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, shemeji yetu huyu, wakajaliwa binti mmoja, mwaka 1999.

Machi 2011 binti alianguka kwenye ngazi za shule, akavunjika kifundo cha mguu, na daktari wa mifupa akapendekeza skrubu za magnesiamu, zile zinazoyeyuka zenyewe mwilini mfupa ukishaunga, zilizopakwa utando wa dada yetu mwenyewe. Jamani, aliyekuwa akiwatoa hofu wazazi wa watoto wengine waliowekewa skrubu hizo, sasa hakulala, maana utando ungeachia mapema, skrubu zingelika kabla mfupa haujashika, na mwanawe angebaki kilema kwa kazi ya mikono yake. Alikubali, lakini kila asubuhi aliubonyeza mguu ule, hadi mtoto akamwomba amwache kwanza anywe chai. Mfupa uliunga vizuri, skrubu zikaisha, wasiwasi ukabaki.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa Juni mwaka huu. Jioni ya tarehe 3 Julai, lifti ya hospitali ikiwa mbovu, binti alipanda ngazi mbio hadi ghorofa ya nne, akaingia anahema, na dada yetu, badala ya kuitikia salamu, akamgombeza kwa sauti iliyobaki, kwa nini anakimbia na mguu ule, akataka kuuona, akakishika kifundo, akakibonyeza, akauliza kama panauma, akaambiwa hapaumi, na mkono wake ukiwa bado pale, akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotushika mkono, na wenzake wa maabara waliokesha nasi.

Dada, mguu ni mzima, sote tumeuona ukitembea nyuma ya jeneza lako, basi sasa pumzika, pumzika kwa amani.