Sahani Tuliyoirudisha Tupu

Asalamu alaikum, na kwa ndugu zangu Wakristo, amani iwe nanyi pia. Naona wengine hamjamaliza chai. Kunyweni tu, mimi sisemi kwa haraka. Nimeombwa nieleze nilivyofika kwenye nyumba hii, na jinsi tulivyokaribia kuipoteza. Nitaanzia mwanzo, kwa sababu mimi ni fundi wa friji, na friji haitengenezeki ukianzia katikati. Majina sitayataja. Wenyewe wakiwapo watajijua.

Nilizaliwa Msambweni, na sasa nina miaka arobaini na saba. Shule niliishia darasa la nane. Kazi yangu niliisomea mwenyewe katika vitabu vilivyotupwa na hoteli moja ya Diani, vitabu vya Kiingereza, na kamusi pembeni. Ukurasa mmoja ulinichukua jioni nzima. Kwa kusoma polepole namna hiyo hiyo nilijielewa na mimi: kwamba nawapenda wanaume, kwamba si jambo la kupita, na kwamba nikitaka kuishi kwetu sharti ninyamaze. Nikanyamaza zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa na karakana yangu kando ya barabara, wateja wangu, na mahali pangu msikitini. Nilidhani kunyamaza ndiko kuwa salama.

Ndugu zangu, mimi ambaye kazi yangu ni kufungua mashine za watu, nilimpa mtu mwingine simu yangu aifungue. Kioo kilikuwa kimepasuka. Niliiacha kwa fundi wa simu asubuhi nikaichukua jioni. Baada ya siku mbili, jumbe nilizoandikiana na mtu niliyempenda zilikuwa zikisomwa kwenye simu za mtaa mzima.

Walikuja saa tisa alasiri, jua likiwaka, watu wakipita. Walikuwa saba. Niliwahesabu, kwa sababu nilipoogopa akili yangu ilishika kazi ya kuhesabu. Mmoja wao nilikuwa nimemtengenezea friza ya samaki mwezi uliotangulia, na nakumbuka niliwaza kwamba ile friza bado ilikuwa kwenye dhamana. Walitupa friji za wateja barabarani, kisha wakanigeukia mimi. Mbavu mbili zilivunjika. Sikio la kushoto halisikii vizuri hadi leo, kwa hiyo mkitaka kunisengenya kaeni upande huo.

Kaka yangu alikuja kunitazama. Aliniambia nisirudi nyumbani, kwa usalama wangu. Alipofika mlangoni akaongeza: na kwa usalama wetu. Simlaumu sana. Alikuwa na watoto ndani.

Katika zahanati niliyokwenda nilisema nimeanguka kutoka kwenye ngazi. Muuguzi alinisafisha majeraha. Alipomaliza alisema, "Ngazi haimpigi mtu masikio yote mawili." Akaniuliza kama nina pa kulala, na nilipokawia kujibu aliniambia niketi pale benchini hadi zamu yake iishe. Alinileta hapa yeye mwenyewe.

Wakati huo nyumba hii ilikuwa na watu watatu. Mwenye kuipanga alikuwa dada mmoja ambaye wazazi wake walimlea kama mvulana, hadi alipokataa. Alikuwa mpishi hotelini, akafukuzwa siku alipokwenda kazini kama alivyo. Alinifungulia mlango, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema hapa hakuna atakayeniuliza kitu hadi nishibe. Nikala, nikalala siku mbili. Nataka muelewe hizo siku mbili zilikuwa nini kwangu. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu, na sijapata kulala ndani ya nyumba ambamo kila aliyemo anajua nilivyo, na bado ameniachia chai kwenye chupa.

Basi nilipopona nikataka kuilinda. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu anayependa utaratibu. Niliandika masharti tisa nikayabandika nyuma ya mlango. Makomeo mawili, mchana na usiku. Mapazia yasifunguliwe. Jirani asisalimiwe. Asiyetarajiwa akibisha hodi, asiitikiwe. Kitu cha mtu kisipokewe. Wenzangu walinicheka kidogo, lakini waliyafuata, kwa maana kila mmoja wetu alikuwa ameshatolewa mahali kwa nguvu.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Jirani yetu ni mama wa makamo, mjane, ambaye uwanja wake unapakana na ukuta wetu. Siku ya kwanza ya mfungo, kabla ya magharibi, alibisha hodi. Akabisha mara tatu. Sisi ndani kimya, tumeshika pumzi, watu wazima wanne. Akaweka kitu kizingitini akaenda zake. Ilikuwa sahani ya viazi vitamu vya nazi na kaimati, imefunikwa kwa kawa. Wawili wetu tulikuwa tumefunga. Harufu ilitushinda. Tukaila yote, tukaiosha sahani, na alfajiri nikainyemelea nikaiacha mlangoni kwake. Tupu. Bila salamu, bila neno.

Naona mnaguna. Gunani. Mimi nimelelewa Msambweni, na mama yangu alikuwa akinirudisha njiani nikipeleka sahani ya watu bila kitu ndani, walau ndizi mbili, walau chumvi. Nilijua. Lakini hofu ilinisahaulisha adabu niliyonyonya.

Hakuleta tena. Baada ya Idi maneno yakaanza mtaani. Kwanza tulikuwa wauza bangi. Kisha tukawa wezi. Kisha mtu akakisia kilicho kweli. Siku ya Jumatano mwenye nyumba alipiga simu akasema amesikia kwamba vijana watakuja Ijumaa baada ya swala, na kwamba ni afadhali tuondoke kabla nyumba yake haijavunjwa. Mpishi wetu alikaa chini jikoni akasema, "Mimi nimeshahama nyumba tano. Begi langu sasa lajifunga lenyewe." Tulicheka, kisha hakuna aliyecheka. Hatukuwa na nyumba nyingine ya kuhamia.

Niliwaza kwa njia ninayoijua. Friji ukiibana ukutani isipate pa kutolea joto, huungua yenyewe, hata kama mlango wake unafunga vizuri. Sisi tulikuwa tumejibana. Tuliishi mita nne kutoka kwa mama yule, na hakujua hata sauti zetu. Mtu asiyejulikana sauti ni rahisi kumvunjia mlango.

Alhamisi asubuhi mpishi alioka mkate wa sinia. Niliuweka kwenye sahani yetu nikaenda. Nilimkuta uani akianika nguo.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama, akaitazama sahani, akarudi kwenye nguo zake. "Kumbe una ulimi," alisema. Aliposhika nguo nyingine ndipo akaitikia, "Marahaba." Kisha akaniambia kwamba sahani yake tuliirudisha kama ya mkahawa, na kwamba alikaa akifikiri labda viazi vilikuwa vibichi na tumeona haya kumwambia.

Nilisema tuliogopa.

"Mwaniogopa mimi? Na goti langu hili?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri, wa wafanyakazi wa hoteli wanaolala mchana. Ulifika kwenye meno ukarudi. Nikamwambia, "Mama, sisi ni watu tuliofukuzwa kwetu. Mimi nilipigwa kwa sababu nawapenda wanaume. Wenzangu kila mmoja na lake, la aina hiyo hiyo. Kesho vijana watakuja kututoa."

Alibana nguo mbili zaidi kwenye kamba kabla ya kusema. "Nishasikia. Na usidhani nitakwambia ni sawa, dini yangu naijua. Lakini mimi sikuwauliza mwalala vipi. Mimi miezi minne najiuliza mbona hamnisalimu."

Akachukua sahani, akamega mkate, akautafuna taratibu. Akasema iliki imezidi. Basi. Nilirudi nyumbani bila kujua atafanya nini, na nikawaambia wenzangu hivyo hivyo.

Ijumaa ilipofika saa saba na nusu tulikuwa ndani, makomeo yote mawili yamefungwa, mabegi mlangoni. Tukasikia kitu kikiburutwa barazani. Nikachungulia pazia. Alikuwa yeye, na mbuzi yake ya kukunia nazi, beseni, na nazi kama sita. Aliketi mbele ya mlango wetu, mgongo wake ukiegemea mbao, akaanza kukuna.

Vijana walipofika walikuwa tisa. Mmoja alimwambia, "Mama, tupishe."

"Nakuna nazi."

"Si ukunie kwako?"

"Kwangu kuna jua."

Yule kijana akaanza kusema habari za uchafu ulio ndani. Mama hakuinua sauti. "Wewe, ulipozaliwa nilimkanda mamako mimi, siku arobaini. Nikamwite aje akutazame wavunja mlango wa watu, siku ya Ijumaa, na kanzu ya babako?"

Mmoja wa nyuma alicheka, na kicheko kile kilimgeukia mwenzao. Walisimama. Yeye akachukua nazi nyingine, akaendelea kukuna. Kisha mmoja akasema ana shughuli, akaondoka, na wengine wakamfuata wawili wawili, wakijifanya wanapita tu. Mama akamaliza nazi zote sita. Ndipo alipogonga mbao kwa kiwiko akasema tufungue, ataka maji ya kunywa. Komeo la kwanza nililifungua, la pili likanishinda. Mpishi alilifungua yeye, na mama akamtazama akamwambia, "Ndiwe wewe wa iliki."

Sasa nawaambia kwa uangalifu, msije mkanielewa vibaya. Sisemi kila mmoja wenu aende akamweleze jirani. Mimi nilikuwa nimebakiwa na siku moja, na ningeweza kukosea. Wala mama hajabadili dini yake wala maoni yake. Kila wiki ananiuliza nitatubu lini, nami namuuliza atapimwa lini hilo goti. Wiki iliyofuata ile Ijumaa lilirushwa jiwe juu ya bati. Lakini mwenye nyumba alituacha, na ni miaka minne sasa. Masharti yangu tisa niliyabandua. Makomeo yapo, na yataendelea kuwapo, kwa maana sina ujinga wa kudhani hatari imekwisha. Ila tunasalimu. Tunakwenda mazikoni. Sahani ikija, hairudi tupu. Mlango imara ulinipa mahali pa kupona. Kujulikana na jirani kukanipa mahali pa kuishi, na nilihitaji vyote viwili.

Namshukuru muuguzi aliyenichukua bila kunidai ukweli. Namshukuru mpishi, ambaye leo ameweka iliki kiasi. Namshukuru yule mama, ambaye hatakuja kusikia haya na angeona nimezungumza mno.

Na wewe uliyeketi karibu na mlango, uliyekuja leo mara ya kwanza. Nimekuona tangu nianze, begi umelipakata, hujagusa chai yako. Hatutakuuliza lolote. Chumba cha nyuma kina kitanda, shuka zimefuliwa, na mlango wake wafunga kwa ndani. Liweke begi chini, mwanangu. Kula kwanza.