Mnara wa Msimu wa Mavuno

Tangu basi letu litoke Ubaruku, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amekumbatia bahasha yenye matope. Jirani yake, mfanyabiashara mwenye kanzu, akashindwa kuvumilia. Mimi nilishashindwa zamani, nikawa naichungulia juu ya kiti chake.

"Mama, hiyo ni barua au mbegu?"

"Barua, kaka. Mnara wetu ukizima wakati wa kupandikiza mpunga, kampuni ya simu haiji. Tukishavuna tukawa na pesa, fundi anafika siku hiyohiyo. Mwaka huu binti yangu kashikwa uchungu, nikapanda lundo la pumba pale kwenye mashine ya kukoboa nitafute mtandao, niite gari. Mjukuu kazaliwa sijashuka."

"Pole. Lakini biashara ni biashara. Hata mimi dukani naanza na mwenye pesa."

"Duka ni lako. Wao wanarusha mawimbi kwa leseni, na sheria inawakataza kubagua wateja. Tumetia saini watu mia mbili na kumi, wengine wametokea majarubani kwenye mpunga moja kwa moja, na matope yao. Leo naipeleka Mbeya, kwa mamlaka ya mawasiliano."

"Wataisoma?"

"Nitakaa pale mpaka waisome."

Gari likasimama Chimala. Yule bwana akainuka, akakaa tena, akaomba kalamu na ile barua.

"Bado nasema duka ni duka," akanung'unika, huku akiitia saini barua juu ya goti lake. Konda akamfokea, naye bwana akashuka.

Mama akaipuliza ile saini ikauke. Kisha, bila hata kunitazama, akanipitishia kalamu juu ya bega.